Kichwa Kinakimbia Bila Kwenda: Stendi ya Rola na Kazi ya Kusikiliza

Kichwa kipya cha treni ya modeli kikitoka kwenye boksi, tamaa ya kwanza ni kukiweka relini palepale, kukifungia mabehewa na kukipa volti zote 12. Nawaelewa wanaofanya hivyo. Pesa imetoka, umesubiri miezi, na kitu chenyewe kinang'aa. Mimi hata hivyo nakiweka kwanza kwenye stendi ya rola, nakilainisha taratibu, yaani nakizungusha kwa mwendo wa wastani bila mzigo mpaka sehemu zake zizoeane, na muda wote huo sitoki kitini. Naandika haya kwa sababu naona wenzangu wengi katika burudani hii wananunua stendi nzuri ya bei, wanawasha umeme, kisha wanakwenda sebuleni kuangalia mpira mpaka saa iishe. Kichwa kinakuwa kimezunguka, ni kweli, lakini sehemu kubwa ya faida ya stendi imepotea bila mtu kuiona.

Kwa asiyewahi kuiona, stendi yenyewe ni kifaa rahisi. Ni kipande kifupi cha reli, au fito mbili za chuma zilizolazwa sambamba, na juu yake vibebeo vidogo. Kila kibebeo kina rola nne, mbili kushoto na mbili kulia, na ekseli moja ya kichwa hukaa hapo, kila gurudumu likilala kwenye bonde kati ya rola ya mbele na ya nyuma. Ekseli tatu zinazoendeshwa, vibebeo vitatu. Umeme hutoka kwenye kontrola, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza umeme, hupita kwenye fito, hupanda kwenye rola, huingia kwenye magurudumu na kuifikia mota. Mota inazungusha magurudumu, magurudumu yanazungusha rola, na kichwa kinabaki palepale, mbele ya macho yako, kwenye urefu unaoutaka wewe. Wapo watengenezaji kadhaa: Bachrus ya Marekani ina vibebeo vinavyopachikwa juu ya kipande chochote cha reli ya kawaida, KPF Zeller ya Ujerumani ina stendi kamili zenye msingi wake, na DCC Concepts wana stendi zao. Mwenye vichwa vya Märklin vya mfumo wa reli tatu ahakikishe stendi ina sehemu ya kugusana na ile sahani inayoteleza chini ya tumbo la kichwa, la sivyo hakuna kitakachozunguka.

Nichukue mfano mmoja ninaoupenda. Reli ya Great Western ya Uingereza ilikuwa na injini ndogo za mvuke za kundi la 57xx, zenye matangi ya maji yaliyoning'inia ubavuni mwa boila. Zilijengwa 863 kati ya mwaka 1929 na 1950, kwa hiyo haishangazi kwamba karibu kila mpenzi wa reli ya Kiingereza ana modeli yake. Ina ekseli tatu, zote zimeunganishwa kwa fito za pembeni. Katika modeli ya geji ya OO, ambayo ni kipimo cha 1:76 juu ya reli yenye upana wa milimita 16.5, ekseli ya kwanza na ya pili zimeachana milimita 29, ya pili na ya tatu milimita 33. Tofauti hiyo ya milimita 4 ndiyo inayowachosha watu. Anayepanga vibebeo kwa kukadiria kwa jicho ataviachanisha sawasawa, na ekseli ya katikati itakaa juu ya rola moja badala ya bondeni. Kichwa kitaonekana kimetulia, lakini kikianza kuzunguka kitarukaruka, na mwenyewe atadhani gia ni mbovu. Legeza skrubu za vibebeo, weka kichwa, kisukume mbele na nyuma kwa kidole mpaka kila ekseli ishuke yenyewe mahali pake, ndipo ukaze. Usikaze kwanza.

Sasa, kwa nini kukilainisha kabisa? Sababu kubwa iko ndani ya mota. Mota nyingi za modeli hupokea umeme kwa brashi mbili ndogo za kaboni zinazosukumwa na springi, zikisugua kipande cha mviringo cha shaba kiitwacho komyuteta, ambacho kimegawanywa vipande kulingana na idadi ya nguzo za mota: tatu kwa mota za zamani, tano kwa nyingi za leo. Brashi ikiwa mpya, uso wake haujachukua mviringo wa komyuteta. Inagusa sehemu ndogo tu, na sehemu hiyo ndogo inabeba umeme wote. Ukiipa kasi na mzigo wakati huo, cheche zinakuwa nyingi, na cheche zinachoma shaba. Ukiipa mwendo wa wastani bila mzigo, kaboni inalika kidogokidogo hadi inachukua umbo la kitu inachokisugua, mguso unakuwa mpana, na cheche zinapungua. Jambo hilo hutokea mara moja katika maisha ya brashi, na namna linavyotokea ndiyo namna kichwa kitakavyotembea miaka inayokuja.

Gia nazo zina yao. Zinapotoka kiwandani huwa na vijinywele kwenye kingo za meno, na grisi imerundikana mahali pamoja pale ilipodondoshwa. Mzunguko wa taratibu unaisambaza grisi na kusugua vijinywele hivyo. Beringi za ekseli, ambazo mara nyingi ni vipande vya shaba tu vyenye tundu, zinahitaji oili ienee pande zote. Tahadhari moja: mota zisizo na kiini cha chuma, ambazo siku hizi zinatumika sana kwenye vichwa vidogo, nyingi zina brashi za madini ya thamani na hazihitaji ulainishaji mrefu wa namna hii. Kwa hizo, angalia gia na beringi, na usitumie kontrola ya zamani inayotuma umeme kwa mapigo ya nguvu, kwa kuwa huzipasha joto.

Watengenezaji wengi hupendekeza nusu saa mbele na nusu saa nyuma kwa mwendo wa wastani, bila mabehewa. Tupige hesabu. Chukua mwendo wa kilomita 40 kwa saa katika hali halisi. Nusu saa ni kilomita 20, na ukizigawa kwa 76 unapata mita 263 hivi. Gurudumu la 57xx ya modeli lina kipenyo cha milimita 18.5, kwa hiyo litazunguka mara 4,500 katika nusu saa hiyo. Gia ikiwa 30 kwa 1, mota yenyewe itakuwa imezunguka mara 135,000. Huo ndio mzunguko unaotosha kuipa brashi umbo lake.

Asiye na stendi hufanya kazi hiyohiyo kwenye duara la reli, na inawezekana. Lakini duara la nusu kipenyo cha milimita 438, ambalo ndilo la kawaida kwenye seti za Kiingereza, lina mzingo wa mita 2.75. Mita 263 hapo ni karibu mizunguko 96, yote ikipinda upande mmoja. Ukingo wa gurudumu la nje unasugua reli muda wote, ekseli zimesukumwa upande mmoja muda wote, na kichwa kinatumia nguvu kupambana na kona badala ya kuzunguka huru. Ndiyo maana wanaotumia duara huambiwa wakigeuze kichwa katikati ya kazi. Kwenye stendi hakuna kona. Ekseli zinaelea katikati, kushoto na kulia zikiwa sawa, na kilichobaki ni mashine peke yake.

Na hapo ndipo ninapotaka watu wabaki kitini.

Dakika za mwanzo sauti huwa kavu. Kichwa kipya kina mlio mwembamba wa juu unaotoka kwenye mota, na chini yake kuna mkwaruzo wa gia. Baada ya kitambo mlio wa juu unashuka. Hauwi kimya, ila unapoteza ule ukali. Ukiwa umekaa karibu utasikia lini unashuka, na huo ndio wakati wa kubadili upande, siyo lazima saa ikwambie. Nikiwa na multimita, yaani kipimo cha umeme, nimeifunga katikati ya kontrola na stendi, naona jambo hilohilo kwa tarakimu. Kichwa cha OO chenye mota nzuri, kikizunguka bila mzigo, hula miliampea 100 hadi 200 hivi. Mkondo huanza juu, unashuka polepole, kisha unatulia. Mkondo ukitulia na kubaki hapo, kazi ya brashi imekwisha kwa siku hiyo hata kama nusu saa haijatimia. Usiposhuka kabisa, au ukiwa unapanda, zima. Gusa mota kwa kidole. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kukiacha kidole hapo, kuna kitu kinabana, na kuendelea kuzungusha ni kukiua kichwa.

Kuna sauti nyingine unazojifunza polepole. Mlio unaokuja na kuondoka mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu hautoki kwenye mota, kwa sababu mota inazunguka mara 30 wakati gurudumu linazunguka mara moja. Unatoka kwenye ekseli au kwenye fito za pembeni. Punguza mwendo mpaka uweze kuhesabu, tazama fito iko wapi mlio unapotokea, na utakuwa umekamata mahali penyewe. Mara nyingi ni pini ya fito iliyokazwa kupita kiasi, au tundu la fito lenye kijinywele. Kichwa kikisita mara mbili kwa kila mzunguko, kama kinachechemea, shaka ya kwanza ni pembe za magurudumu. Kwenye injini nyingi za mvuke, pini za magurudumu ya kushoto na ya kulia zimeachana nyuzi 90, ili upande mmoja ukiwa kwenye kikomo chake ule mwingine uwe kwenye nguvu kamili. Ekseli moja ikiwa imepotoka hata nyuzi chache kutoka kwa wenzake, fito zitagombana na magurudumu. Relini kasoro hiyo hujificha ndani ya mtikisiko wa reli zenyewe, viungo, swichi za kubadilishia njia na vumbi. Kwenye stendi haina pa kujificha.

Ukitaka kujua raha ya stendi, weka juu yake injini yenye mitambo ya nje. Black Five ya reli ya London, Midland and Scottish ni mfano mzuri: zilijengwa 842 kuanzia mwaka 1934, zina magurudumu sita makubwa na, karibu zote, mitambo ya vali ya aina ya Walschaerts, aliyoibuni fundi Mbelgiji Egide Walschaerts mwaka 1844. Magurudumu manne madogo ya mbele yaweke kwenye kipande cha kupumzikia, hayaendeshwi. Teremsha macho yako mpaka usawa wa fito na punguza umeme mpaka gurudumu lizunguke mara moja kwa sekunde mbili. Utaona pistoni inarudi nyuma wakati mkono mdogo wa vali umekwisha anza kuelekea mbele. Utaona kipande kile kilichopinda, kinachoning'inia katikati, kinabembea bila kuzunguka. Utaona pia kama kuna kishikizo kinachogusa kichwa cha skrubu kila kinapopita, mguso mdogo unaoacha mstari mwembamba wa shaba kwenye rangi ya chuma. Relini kichwa kinapita, jicho halipati nafasi. Nimetumia jioni nzima kwa furaha nikitazama tu jinsi mikono hiyo inavyopishana, na bado naamini ni shule bora ya injini ya mvuke kuliko mchoro wowote.

Oili: kidogo sana. Tone linaloning'inia kwenye ncha ya sindano linatosha beringi mbili. Tumia oili isiyodhuru plastiki, na grisi kwenye gia peke yake. Oili ikifika kwenye komyuteta, inachanganyika na unga wa kaboni na kuwa lami nyeusi inayopitisha umeme pale usipotakiwa kupita. Stendi inakusaidia kwa sababu unatia tone, unazungusha, unaona lilikokwenda, na la ziada unalifyonza kwa ncha ya kitambaa. Usafi wa magurudumu nao ni rahisi hapo: pamba ya kijiti iliyolowa spiriti, ishikilie kwenye gurudumu linalozunguka, itageuka nyeusi mara moja, badilisha, endelea mpaka itoke nyeupe. Kisha futa rola pia, maana uchafu umehamia huko.

Watu hudhani kifaa hiki ni kiburudisho kilichobuniwa kwa ajili ya modeli. Asili yake ni kubwa zaidi. Mwaka 1891 Profesa William Goss wa Chuo Kikuu cha Purdue, huko Indiana, Marekani, aliweka injini halisi ya mvuke iliyoitwa Schenectady juu ya magurudumu ya kuzunguka ndani ya maabara, ili wanafunzi wake waipime kazi yake bila kutoka nje. Mwaka 1904 reli ya Pennsylvania ilionyesha mtambo kama huo kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, kisha ukahamishiwa Altoona. Mwaka huohuo wa 1904 mhandisi George Churchward alijenga wake kwenye karakana za Swindon, Uingereza. Ufaransa ilifungua kituo cha Vitry-sur-Seine mwaka 1933, na ni huko ambako mhandisi Mwingereza Nigel Gresley alipeleka injini yake Cock o' the North mwishoni mwa mwaka 1934, kuvuka bahari yote ile, kwa sababu nchini kwake hapakuwa na mtambo wa kuibeba injini kubwa kiasi hicho. Gresley alipigania Uingereza ipate kituo chake hadi alipofariki mwaka 1941. Kituo hicho, katika mji wa Rugby, kilifunguliwa mwaka 1948, na injini ya kwanza kupandishwa juu ya rola zake ilikuwa ile iliyobeba jina lake, Sir Nigel Gresley, namba 60007.

Tofauti kati ya mitambo ile na stendi iliyo mezani kwangu inafundisha. Kwenye mitambo mikubwa, kila gurudumu la injini lilikaa juu ya gurudumu moja tu la chini, kileleni kabisa, ekseli juu ya ekseli. Hakukuwa na bonde. Injini ilizuiwa isiteleze na fito imara iliyofungwa nyuma yake, na fito hiyo iliunganishwa na dainamomita iliyopima nguvu ya kuvuta. Magurudumu ya chini yalikuwa na breki za kumeza nguvu hiyo. Yaani injini ilikuwa inafanya kazi kweli, inachoma makaa na kuvuta kwa nguvu zake, ila haiendi. Stendi ya modeli ina rola mbili kwa kila gurudumu ili kichwa kijishike chenyewe, na haina breki. Kwa hiyo haipimi nguvu ya kuvuta. Inaonyesha mwendo ulivyo mlaini na umeme unavyotumika, basi.

Na jambo lingine linalonivutia: mitambo ile haikujengwa kwa kulainisha injini mpya. Injini halisi zikitoka karakana zililainishwa njiani, zikivuta treni nyepesi za abiria wa vituo vya karibu. Zilizotoka karakana za Crewe zilionekana sana kwenye njia ya kwenda Shrewsbury, rangi ikiwa bado mbichi, zikivuta mabehewa machache. Kwenye modeli tumegeuza mambo. Rola zimekuwa za kulainishia, na upimaji tumeuacha nyuma, wakati stendi inaweza kupima mengi kwa mtu anayetazama.

Mfano wa hilo niliuona kwa rafiki yangu mmoja, Mkenya, anayeishi huku Uingereza kama mimi. Anajenga Garratt ya kundi la 59 ya East African Railways kwa mabati ya shaba, kipimo cha 1:76, juu ya reli yenye upana wa milimita 12 inayowakilisha reli yetu ya upana wa mita moja. Msomaji aliyewahi kuingia makumbusho ya reli Nairobi ameiona 5918, Mount Gelai, imesimama hapo. Zilijengwa 34 na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, na zilivuta mizigo mizito kati ya Mombasa na Nairobi kuliko mashine yoyote ya mvuke ya reli ya mita moja iliyokuwapo. Urefu wake unapita mita 31. Katika modeli ni zaidi ya sentimita 40. Ina boila moja katikati na mitambo miwili chini yake, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mmoja ukiwa na ekseli nne zinazoendeshwa, ukiongeza ekseli sita za kubebea tu. Kwa hiyo stendi yake inataka vibebeo nane na vipumzikio sita. Tuliazima vya watu.

Ameweka mota mbili, moja kwa kila mtambo, na zote zinapokea volti zilezile. Relini ilikuwa ikitembea vizuri, ila ilikuwa inapata joto na hakuelewa kwa nini. Tukaipandisha kwenye rola, akafungua umeme taratibu, na kabla hata sijainama kutazama alikuwa ameshaona.

"Kaka, hii ya mbele inaiacha ya nyuma."

Kweli. Fito za mbele zilikuwa zikizunguka haraka, za nyuma zikifuata kwa uvivu, tofauti ya wazi kabisa. Relini huwezi kuiona, kwa sababu reli inaifunga mitambo yote miwili kwenye mwendo mmoja: wenye kasi unauburuza mvivu, mvivu unauzuia wenye kasi, na nguvu ya ugomvi huo inageuka joto. Kwenye stendi kila mtambo una rola zake, hakuna kinachoufunga na mwenzake, kwa hiyo kila mmoja unaonyesha tabia yake halisi.

"Mota ni pacha, zimetoka duka moja," akasema.

"Mota ni pacha, ulainishaji je?" nikamwuliza. Mtambo wa mbele aliujenga kwanza, ukawa umezungushwa sana wakati wa majaribio. Wa nyuma ulikuwa bado mbichi. Tukaufungia umeme mtambo wa nyuma peke yake, tukauacha uzunguke huku na huku kwa muda, tukaongeza tone la oili kwenye ekseli ya tatu iliyokuwa kavu, na pengo likapungua sana. Lililobaki alilimaliza kwa mfumo wa kidijitali.

Hapo nieleze kidogo, kwa wanaotumia DCC, yaani huo mfumo wa kidijitali. Kila kichwa kina dikoda, saketi ndogo inayopokea amri na kuiongoza mota, na tabia za dikoda huwekwa kwa namba ziitwazo CV. CV 2 ni umeme wa kuanzia, CV 5 ni mwendo wa juu kabisa, CV 6 ni wa katikati, CV 3 na CV 4 ni kuongeza na kupunguza mwendo polepole. Kila mota ya Garratt ile ina dikoda yake, zote mbili kwa anwani moja. Alishusha CV 5 na CV 6 za mtambo wa mbele, akapandisha kidogo CV 2 ya nyuma, huku akitazama fito zikikaribiana mwendo. Kufanya kazi hiyo relini ni mateso: unabadilisha namba, kichwa kinakimbia hadi mwisho wa reli, unakirudisha, umeshasahau ulichokiona. Stendi zenye kipimo cha mwendo kwenye rola zinarahisisha zaidi. Rola inajua mzingo wake, programu inazidisha kwa kipimo cha modeli, na unasoma kilomita kwa saa. Kwa anayetaka kupima mwenyewe kwa rula na saa, kilomita 100 kwa saa katika 1:76 ni sentimita 36.5 kwa sekunde, na katika modeli za HO, za kipimo cha 1:87, ni karibu sentimita 32.

Kuhusu kununua, sioni haja ya stendi ya gharama kubwa kwa mwenye vichwa vichache. Ninachodai ni vitu viwili. Rola ziwe za mviringo kamili, kwa kuwa rola yenye kasoro itakufanya ulaumu kichwa kisicho na kosa. Na umeme upite bila kukatika, jambo ambalo vifaa rahisi huwa dhaifu kwalo, maana umeme unapita ndani ya beringi zinazozunguka na grisi ya kawaida huuzuia. Ukiona kichwa kinasita, zungusha rola moja kwa kidole kabla ya kukilaumu kichwa. Kikianza kwenda vizuri, kosa ni la rola. Wanaojitengenezea kwa beringi ndogo za milimita 10 kwenye fito za shaba hupata stendi nzuri tu, mradi waoshe grisi ya kiwandani na kutia oili inayoruhusu umeme. Na chochote utakachonunua, kiweke mezani palipo sawa, funga nyuma ya kichwa kwa kiwaya chepesi, na weka sifongo mbele. Kichwa kikipanda juu ya rola kwa kasi kinaruka, na meza ina mwisho.

Stendi haitakwambia kila kitu. Magurudumu yanakaa juu ya rola safi muda wote, kwa hiyo hutajua kama kichwa kitazimika kwenye swichi yenye plastiki katikati. Hakuna kona, hivyo hutajua kama magurudumu madogo ya mbele yatatoka relini. Hakuna mzigo, na hutajua kitapanda mlima na mabehewa mangapi. Mpira wa kushikilia reli, kwa vichwa vyenye magurudumu ya mpira, utausahau mpaka siku umelegea. Kwa hiyo kikishatulia kwenye rola kipeleke relini na mabehewa mawili au matatu, kiende mbele na nyuma kwenye swichi zako mbaya kuliko zote, kisha ongeza mzigo siku zinavyokwenda. Garratt ya rafiki yangu iko kwenye hatua hiyo sasa. Inavuta bila joto, lakini ekseli ya kubebea ya mtambo wa nyuma inaruka kwenye swichi moja kila ikirudi kinyumenyume, na jambo hilo litamalizwa na springi nyepesi na faili.